Mji wa Eldoret Unavyokua, na Kwa Nini Mji Huhitaji Mpango

Tarehe 15 Agosti 2024, Rais William Ruto aliukabidhi mji wa Eldoret hati ya kuwa jiji, nao ukawa jiji la tano katika Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Wenyeji walishangilia, na ilikuwa haki yao kushangilia. Lakini jina la jiji peke yake halitii maji bombani, wala halifungui njia mahali ambapo njia haikuachwa. Katika mitaa ambayo ploti zake zilikatwa bila barabara, mgonjwa bado hubebwa mikononi mpaka mahali gari liliposimama, na nyumba ikishika moto gari la zimamoto halina pa kupita.

Kwa sababu hiyo watu wengi huuliza maswali matatu. La kwanza: mtu aliyenunua ploti kwa fedha zake mwenyewe, kwa nini aombe ruhusa ya kujenga? La pili: kwa nini mtaa mmoja hupata maji na barabara mapema, na mtaa wa pili ukangoja miaka mingi? La tatu: kwa nini maofisa wa ardhi huja na vigingi vyao baada ya watu kwisha kujenga? Maswali haya ni ya haki, na majibu yake yamo katika namna mji wenyewe ulivyozaliwa na unavyokua.

CHANZO CHAKE NI SHAMBA

Miji mingi ilianza kando ya bandari, au sokoni, au penye boma la mtawala. Eldoret ulianza juu ya nambari ya shamba. Uwanda wa Uasin Gishu, ulio juu ya bahari kwa mita 2,100 hivi, ulikuwa malisho ya Wamasai wa Uasin Gishu, na baada yao Wanandi. Serikali ya kikoloni ilipokwisha kuwashinda Wanandi mwaka wa 1905, iliigawa nchi hiyo kuwa mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Mwaka wa 1908 wakafika Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walikuja kwa meli mpaka Mombasa, kwa gari la moshi mpaka Nakuru, na kutoka hapo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakipanda milima na kuvuka matope.

Posta ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 1910 katika shamba nambari 64, karibu na mto Sosiani. Watu wakapaita mahali pale kwa nambari ya shamba, na kwa midomo ya wenyeji "sixty-four" ya Kiingereza ikawa "Sisibo", jina ambalo wazee wangali wakilikumbuka. Mwaka wa 1912 mji ukapewa jina la Eldoret, linalotokana na neno la Kimasai la mto wenye mawe. Katika mwaka huo huo benki ilifunguliwa, na husimuliwa kwamba sefu yake iliposhushwa garini ilikuwa nzito mno hata haikuweza kusogezwa, basi ikabidi kuta zijengwe kuizunguka pale pale ilipoanguka.

Reli ilifika mwaka wa 1924, na mwaka wa 1929 mji ukapata daraja la manispaa. Mpango ulikuwako, lakini ulikuwa mpango wa wachache. Wazungu walikuwa na upande wao, Wahindi wenye maduka upande wao, na Mwafrika alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kupita, mwenye kipande, ambaye nyumbani kwake ni kwingine. Waliopanga mji hawakumwekea nafasi ya kuishi na kuzeeka humo pamoja na watoto wake. Kosa hilo la kwanza halikuonekana kuwa zito wakati mji ulipokuwa na watu 8,000 tu, mnamo mwaka wa 1948. Uzito wake ulionekana baadaye.

HESABU YA WATU

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1969 ilionyesha kwamba Eldoret ulikuwa na watu 18,000 hivi. Mwaka wa 1979 walikuwa 50,000. Mwaka wa 1989 walikuwa wamepita 110,000. Mwaka wa 2009 walifika 289,000, na hesabu ya mwaka wa 2019 ikakuta watu zaidi ya 475,000. Maana yake ni kwamba, katika miaka 50, pale palipokuwa na mtu mmoja leo pana watu 26.

Watu hao walitoka wapi? Wengine walizaliwa mjini. Wengine walikuja kutafuta kazi, kwa kuwa baada ya uhuru Serikali iliuchagua Eldoret kuwa mmoja wa miji ya kukuzwa, ili watu wote wasimiminike Nairobi na Mombasa. Viwanda vikaja: vya nguo, vya blanketi, vya maziwa na vya unga. Mwaka wa 1984 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Moi, na hospitali ya wilaya hatimaye ikawa hospitali kuu ya rufaa na mafunzo, ambayo huwahudumia wagonjwa wa sehemu yote ya magharibi ya Kenya. Mwaka wa 1997 kiwanja cha ndege cha kimataifa kikafunguliwa. Tena wako wakimbiaji mashuhuri wa nchi ile, ambao fedha walizozishinda katika mbio za ng'ambo wamezirudisha nyumbani kwa kujenga maduka, hoteli na nyumba za kupangisha.

Lakini iko sababu nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikuletwa na watu waliouendea mji, bali na mji uliowaendea watu. Mipaka ya manispaa ilisogezwa nje zaidi ya mara moja, hata ikameza mashamba yaliyouzunguka. Mtu alilala akiwa mkulima, akaamka akiwa raia wa manispaa, naye hajahama hata hatua moja.

SHAMBA LAGEUKA MTAA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Eldoret ulizungukwa pande zote na mashamba makubwa yenye wenyewe. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, walowezi wengi waliuza mashamba yao wakaondoka. Waafrika wa kabila mbalimbali, wengi wao wakiwa wafanyakazi wenye mishahara midogo, walichanga fedha katika makampuni na vyama vya ushirika, wakanunua shamba zima kwa pamoja. Kila mwanachama alipata hisa, na hisa ikawa kipande cha ardhi. Lilikuwa tendo la ushujaa, maana watu waliokuwa hawana haki ya kumiliki hata mita moja mjini walijipatia makao kwa jasho lao, bila kungoja kupewa.

Shida ilikuwa katika utaratibu. Mahali kama Langas, upande wa kusini-magharibi wa mji, ardhi ilikatwa na kugawanywa ikiwa bado ni shamba kwa mujibu wa sheria. Mwenye hisa aliuza nusu kwa jamaa yake, jamaa akauza robo kwa mgeni, na mgeni akajenga vyumba 10 vya kupangisha. Kila mara mkataba uliandikwa mbele ya mashahidi na wazee, na watu waliuheshimu. Lakini mchoro wa wapima ardhi haukuwako, au ulikuwako na haukufuatwa. Manispaa ilipousogeza mpaka wake na kuingia humo, ilikuta mtaa umekwisha jaa. Mashauri ya ardhi nayo yakaenda mahakamani, yakakaa huko miaka mingi, na mwenye nyumba asiye na hati hawezi kuiweka rehani benki wala kuwarithisha watoto wake bila hofu.

Katika mji uliopangwa, kwanza huja mchoro, kisha njia, kisha mabomba ya maji safi na machafu, kisha nyumba, na mwisho watu wakaingia. Katika mtaa kama huu mambo yalikuja kinyume: kwanza watu, kisha nyumba, kisha taa, kisha maji, na njia mwisho kabisa, kwa kubomoa. Ndiyo sababu maofisa huonekana kuchelewa, na mtaa mmoja hutangulia kupata huduma kabla ya mwingine. Bomba hufuata barabara. Pasipo na nafasi ya barabara, bomba halina pa kulala.

HESABU YA EKARI MOJA

Msomaji na aifanye hesabu hii mwenyewe. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ploti inayopendwa zaidi Eldoret, kama katika miji mingine ya Kenya, ni ya futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Anayeigawa ekari yake huona faida katika kupata ploti 8, nazo huchukua futi za mraba 40,000. Kinachobaki ni futi 3,560. Nafasi hiyo ndiyo itolewe njia ya gari, njia ya miguu, mtaro wa maji ya mvua, mabomba na nguzo za umeme. Haifiki hata sehemu 9 katika 100 za ekari ile.

Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, limeshauri kwamba sehemu zisizopungua 30 katika 100 za ardhi ya mji ziachwe kwa ajili ya barabara, mbali na viwanja vya shule, soko na michezo. Mwenye ekari akisikia hivyo hudhani anataka kunyang'anywa. Lakini kinachouzwa katika ploti si udongo peke yake. Ploti inayofikiwa na lori la mawe, bomba la maji na gari la wagonjwa huwa na bei kubwa kuliko ploti mbili zisizofikika. Aliyeacha njia pana hajatupa ardhi yake. Ameitia thamani ile iliyobaki.

Tena shamba la ekari 50 likikatwa na watu 50, kila mmoja kwa fikira zake, hakuna atakayeacha nafasi ya shule, kwa maana kila mmoja hungoja mwenzake aiache. Baada ya miaka 20 watoto 1,000 huvuka barabara kuu kila asubuhi kwenda kusoma mtaa mwingine. Jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya peke yake, wala hana sababu ya kulifanya peke yake, ndilo ambalo mpango hulifanya kwa niaba ya wote.

KISIMA NA CHOO

Jibu la swali la kwanza, la ruhusa ya kujenga, laonekana wazi zaidi chini ya ardhi. Mtaa usiofikiwa na bomba hujitegemea kwa visima na vyoo vya shimo. Wataalamu wa afya wameshauri kwa muda mrefu kwamba kati ya kisima na choo cha shimo pawe na mita 30 au zaidi, kwa kuwa uchafu hupenya udongoni na kuyafuata maji. Sasa ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita 15 kwa 30. Mtu akichimba kisima katika pembe moja, na choo katika pembe iliyo mbali nayo kuliko zote, atapata mita 34 tu. Kwa ploti yake amefanya vema. Lakini jirani aliye nyuma ya ua amechimba choo chake mita 5 kutoka kisima hicho, naye yumo ndani ya ploti yake halali. Hakuna aliyevunja mpaka wa mwenzake, na hata hivyo watoto wote wawili wanaugua tumbo.

Habari hii si ngeni duniani. London, jiji kuu la Uingereza, liliwahi kukua kwa haraka bila mifereji ya kutosha, na kipindupindu kikaua watu wengi humo. Mwaka wa 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Mfereji mkubwa wa maji machafu ulijengwa baadaye, kwa gharama kubwa mno, chini ya mji uliokwisha kujengwa. Miji ya Afrika ya Mashariki haina haja ya kulipa karo mara mbili kwa somo ambalo wengine wamekwisha lisoma.

Mto Sosiani nao una haki yake. Maji yake hutoka katika msitu wa Kaptagat, hupita katikati ya mji, huingia mto Kipkaren, kisha Nzoia, na hatimaye Ziwa Victoria. Yanayotupwa ndani yake Eldoret hunywewa na ng'ombe na watu wa mbali ambao hawajauona mji huo. Na anayejenga kando kabisa ya mto hupata ploti kwa bei nafuu wakati wa kiangazi, lakini masika huja kuidai tofauti ya bei.

MFANO WA JIRANI

Je, mji maskini waweza kupangwa? Wako wasemao kwamba mpango ni anasa ya nchi tajiri. Dar es Salaam yatoa jibu. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja kwa wingi katika sehemu kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Haikuwajengea watu nyumba, kwa sababu fedha za kufanya hivyo hazikuwako. Iliweka barabara, mitaro na maji, ikagawa viwanja, na kila mtu akajenga kwa kadiri ya uwezo wake, chumba baada ya chumba. Zamani hizo hizo mtaa wa Manzese, uliokwisha jaa watu, ulipitishiwa njia na huduma bila kuubomoa wote. Mpaka leo atembeaye Sinza huona mitaa iliyonyoka, ingawa nyumba zake ni za kila namna.

Funzo lake ni kwamba nyumba yaweza kungoja, lakini njia haiwezi kungoja. Nyumba ya udongo yaweza kubomolewa na mwenyewe ikajengwa ya mawe akipata fedha. Bali njia isiyoachwa siku ya kwanza haipatikani tena ila kwa machozi ya mtu.

YALIYOKWISHA FANYWA

Eldoret haukukaa kitako. Maji huletwa kutoka bwawa la Chebara, katika Elgeyo Marakwet, kwa mabomba marefu, juu ya yale ya mabwawa ya karibu. Malori yaendayo Uganda, ambayo kwa miaka mingi yalipita katikati ya mji na kuziba Barabara ya Uganda, yamejengewa barabara ya mchepuko ya kilomita 32 hivi, kutoka Cheplaskei mpaka Leseru. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichokuwa kimefungwa, kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, na kufikia mwaka wa 2019 kilikuwa kimetiwa mitambo mipya.

Sheria nazo zimebadilika. Katiba ya mwaka wa 2010 ilileta serikali za kaunti, na Sheria ya Miji ya mwaka wa 2011 ikaweka masharti ya kila daraja la mji. Mwanzoni jiji lilitakiwa liwe na wakazi 500,000. Mwaka wa 2019 sharti hilo likapunguzwa kuwa 250,000, na hapo Eldoret ukapata mlango. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria mpya ya mipango ya matumizi ya ardhi. Lakini sheria ni kama jembe: halilimi likiwa limetundikwa ukutani.

Liko na jambo ambalo mchoro wa wapima hauwezi kuliandika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizuka katika sehemu ya Eldoret, watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu ya watu walikaa katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho. Wengine hawakurudi katika ploti zao, bali walihamia mitaa walimokuwamo watu wa kabila lao. Mji unaogawanyika namna hiyo hurudia kosa la wakoloni, la kila watu na upande wao. Soko moja, shule moja na barabara inayopita katika mitaa yote ni sehemu ya amani, kwa kuwa huwakutanisha watu kila siku kabla ya siku ya ugomvi.

WAJIBU WA KILA MTU

Yako mambo machache ambayo mwananchi aweza kuyafanya mwenyewe, pasipo kungoja jiji. Kwanza, kabla ya kutoa fedha za ploti, na aende ofisi ya ardhi akapekuliwe daftari, ili ajue shamba hilo ni la nani na lina deni gani. Cheti cha hisa na mkataba wa mashahidi ni vitu vizuri, lakini si hati ya kumiliki. Pili, na aombe kuonyeshwa ramani ya mpimaji, kisha aende na kamba akaipime barabara yenyewe, si ploti peke yake. Barabara iliyo pana karatasini na nyembamba machoni ni dalili ya ugomvi unaokuja. Tatu, na aulize mtaro wa maji ya mvua unakwenda wapi, na kisima cha jirani kiko wapi, kabla ya kuchimba choo. Nne, na ahudhurie mikutano ya mipango na ya makadirio ya fedha ya kaunti, kwa maana Katiba imempa haki ya kusikiwa, na mtaa usiotuma mtu huandikwa mwisho.

Na wale walio bado na ekari zao Kapseret, Kesses, Moiben na penginepo kandokando ya mji, ambako mahindi na ngano vingali vikilimwa katika ardhi iliyo miongoni mwa ardhi bora za nafaka katika Kenya, wana bahati ambayo watu wa Langas hawakuipata. Mji unawajia, lakini bado haujafika. Wakikubaliana na majirani zao sasa juu ya njia, shule na mahali pa kulimwa pasipojengwa, watakuwa wameyafanya kwa gharama ya kikao kimoja mambo ambayo watoto wao wangeyafanya kwa gharama ya kubomoa nyumba. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mji unaokua, ufa ni njia ambayo haikuachwa.